Kiatu Ndani ya Mfuko: kisa cha mguu uliochelewa kupona

Kisa hiki ni cha mgonjwa niliyemhudumia kwa miezi 14 nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nimebadilisha umri wake, kazi yake, na hata kama mguu ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Nitamwita Bi. R. Nimemsomea maelezo haya na akaridhia yatoke. Nawaandikia wenzangu wa fani, wauguzi, na yeyote anayeuguza mtu nyumbani. Makosa mengi humu ni yangu. Mfupa wake uliunga vizuri tu. Kilichokaribia kutushinda ni matumaini yake.

Usuli

Bi. R. ana miaka arobaini na kitu, havuti sigara wala hana kisukari, mambo mawili ambayo huchelewesha mfupa na kidonda. Kazi yake ni ya kusimama. Jioni moja alikuwa anashuka ngazi akiwa na mzigo mikononi, akadhani amefika chini kumbe bado daraja moja. Vidole vikakita sakafuni, kisigino kikabaki juu, na uzito wote wa mwili ukashukia katikati ya wayo.

Alihudumiwa kama mtu aliyeteguka. Eksirei ilipigwa akiwa amelala, haikuonyesha kitu, akafungwa bendeji na kuambiwa apumzike. Siku ya tisa alikuwa bado hawezi kukanyaga. Muuguzi aliyekuja kumbadilishia bendeji akaugeuza mguu na kuutazama chini, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, akakuta wayo umevilia damu katikati. Alama hiyo ukiikuta chini ya wayo baada ya mtu kujikwaa, usimwambie ameteguka. Eksirei ya pili ilipigwa akiwa amesimama, na safari hii pengo likaonekana wazi kati ya mfupa mrefu wa kidole gumba na ule wa kidole cha pili.

Jeraha hilo huitwa la Lisfranc, kwa jina la Jacques Lisfranc, daktari mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 19. Mguu, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26, na mitano iliyo mirefu hukutana na ile midogo ya katikati kwa mpangilio wa tao. Mfupa wa pili umepachikwa ndani zaidi kama kabari. Hakuna kano inayoufunga moja kwa moja na mfupa wa kwanza. Kazi hiyo hufanywa na kano moja ya mshazari inayotoka kwenye kifupa cha jirani. Ikikatika hiyo, tao hufunguka, na kila hatua huzidi kulifungua.

Daktari hakumpasua siku ileile. Alisubiri uvimbe upungue hadi ngozi ya juu ya mguu ianze kukunjamana inaposukumwa, kwa sababu ngozi iliyovimba ikichanwa huwa ngumu kufunga. Baada ya siku chache mifupa ikarudishwa mahali pake na kushikizwa kwa bamba na skrubu.

Wiki sita

Siku ya kuruhusiwa kutoka, daktari alimwambia akiwa tayari anaelekea mlangoni: "Wiki sita hukanyagi." Bi. R. alisikia hesabu ya wiki sita, na neno "hukanyagi" likampita. Kwa mtu aliyetoka kwenye maumivu makali, tarehe yoyote anayopewa ni tarehe ya kupona. Akaizungushia duara kwenye kalenda, na wote waliokuja kumpa pole wakaoneshwa duara lile.

Wiki hizo sita alizimaliza kwa nidhamu ambayo siioni mara kwa mara. Alitembea kwa magongo bila kugusisha mguu chini, aliuinua juu ya mito hadi ukapita usawa wa moyo, na alijua dalili za hatari tulizomfundisha: shavu la mguu kuuma na kuvimba, au pumzi kubana ghafla, kwa kuwa mguu usiotembea huweza kugandisha damu; pia kidonda kuwa chekundu, cha moto, au kutoa usaha. Hakuna lililotokea. Nyuzi zilitolewa kwa wakati.

Siku ya wiki ya sita alikuja kwangu na mfuko. Eksirei ilikuwa nzuri, daktari amefurahi, na mimi nikamwambia kwa uchangamfu kwamba leo tunaanza kukanyaga kidogo kidogo ndani ya buti la kitabibu, kwa kilo kumi. Hakunijibu. Aliinama, akafungua mfuko, akatoa kiatu. Kiatu kimoja, cha mguu uleule uliopasuliwa, kimepigwa rangi. Alikuwa amekuja kwa miguu miwili akilini mwake, arudi amekivaa. Akajaribu kukiingiza mbele yangu. Kilifika nusu ya wayo kikagoma. Akakirudisha mfukoni, akafunga mfuko vizuri, akaniuliza kama kilo kumi ni nyingi.

Nilimjibu kuhusu kilo kumi. Kuhusu kiatu sikusema neno, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kilichokuwa kimetokea mbele yangu kilihitaji dakika ishirini za mazungumzo, nami nilimpa maelekezo ya mazoezi.

Mizani

Kukanyaga kwa sehemu tu ya uzito ni jambo gumu kulielewa mwilini, kwa hiyo tulitumia mizani ya kawaida ya kupimia uzito. Mguu mgonjwa unawekwa juu ya mizani, mguu mzima juu ya vitabu vyenye kimo kilekile, na mgonjwa anaegemea taratibu huku akitazama mshale. Bi. R. alikuwa na kilo 68. Wiki ya saba mshale ulisimama kwenye 10, wiki ya nane 20, na kuelekea wiki ya kumi ukafika 34, maana yake alikuwa amesimama sawasawa kwa miguu miwili kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Siku ile aliutazama mshale kwa muda mrefu na hakutaka kushuka.

Laiti ningeishia kwenye mizani. Nilimpa pia daftari.

Daftari lilikuwa la kuandika kila jioni: maumivu kati ya 0 na 10, na mzingo wa mguu kwa utepe wa fundi cherehani. Nia yangu ilikuwa njema, nilitaka aone maendeleo kwa macho yake. Nilichosahau ni kwamba mguu uliopasuliwa huvimba jioni hata ukiwa unapona vizuri, kwani umbali kutoka moyoni ni mrefu, damu inarudi kwa kupanda, na misuli ya shavu la mguu inayosaidia kuisukuma ilikuwa imenywea kwa kukaa wiki sita bila kazi. Uvimbe wa namna hiyo huchukua miezi sita hadi mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Kadiri alivyotembea zaidi ndivyo utepe ulivyosoma namba kubwa zaidi jioni. Kwa hiyo daftari lilimwadhibu siku alizofanya vizuri na kumsifu siku alizolala. Kurasa zake ninazo nakala: siku aliyotembea hadi nje kwa mara ya kwanza na kurudi mwenyewe ameandika "7, sm 2 zaidi", na kando yake, kwa kalamu nyingine, "narudi nyuma".

Jambo jingine lilimchanganya. Kati ya kidole gumba na cha pili palikuwa na ganzi tangu upasuaji, na kufika mwezi wa tatu pakaanza kushtua kama umeme. Aliliandika kama dalili mbaya. Neva ikiumia hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye mshono wake hadi pale palipokuwa na ganzi ni kama sentimita sita. Ukihesabu siku sitini, na siku za mwanzo ambazo neva haijaanza safari, unafika pale pale alipoanza kushtuka. Kilichomtisha kilikuwa habari njema iliyochelewa, na alikaa nayo usiku mwingi kabla hajaniuliza.

Wiki alizopotea

Wiki ya kumi na moja hakuja, wala ya kumi na mbili. Simu ilipokelewa na binti yake aliyesema mama amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Alipokuja hatimaye, alikuja kwa kuletwa. Mume wake ndiye aliyezungumza: "Daktari, mwambie avumilie. Sisi tunamwambia kila siku." Mimi si daktari, ila ndivyo tunavyoitwa. Shangazi yake, aliyekuwa amemsindikiza, akaongeza kwamba mwenda pole hajikwai. Bi. R. akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Shangazi, mimi siku ile nilikuwa naenda pole."

Niliomba tubaki wawili. Nikamuuliza kitu ambacho ningemuuliza wiki ya kwanza: daktari aliposema wiki sita, wewe ulisikia nini? Hapo ndipo nilipoelewa duara la kalenda na kile kiatu. Tangu tarehe ile ipite, kila siku kwake ilikuwa siku ya deni. Ndugu walioahidiwa tarehe walianza kuuliza "bado tu?" na baadhi wakaacha kuuliza. Akanieleza pia kwamba katika chumba cha mazoezi niliwahi kumtajia mgonjwa mwingine aliyerudi kazini kwa miezi mitatu. Sikumbuki kusema hivyo, lakini namwamini. Ni aina ya sentensi tunazozitoa bila kufikiri.

Tulichobadilisha, na kwa nini

Kwanza nilichukua daftari. Nikamwambia tutapima mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla hajakanyaga, kwa mkono wangu. Kipimo cha kila siku kina kelele nyingi mno kwa kitu kinachobadilika polepole. Ukipima mti kila jioni utaapa kwamba haukui. Yamkini uvimbe wa asubuhi ulikuwa unashuka mwezi kwa mwezi tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa ameupima asubuhi.

Pili tuliondoa maumivu na uvimbe kwenye orodha ya malengo. Hivyo vyote viwili havimtii mgonjwa. Badala yake nilimwomba ataje mambo anayoweza kuyafanya au asiyaweze, na yawe yake. Alitaja matatu: kuoga akiwa amesimama, kubeba kikombe cha kitu cha moto kutoka jikoni hadi sebuleni, na kushuka ngazi kwa kubadilishana miguu bila kushika ukuta. Kikombe kilinishangaza. Akanieleza kwamba mtu mwenye magongo hana mikono. Kwa miezi mitatu hakuwa amempelekea mtu yeyote kitu chochote. Alikuwa mtu wa kupokea tu, na hilo lilimuumiza kuliko skrubu. Hilo sikulisoma chuoni.

Tatu, na hili lilihitaji ujasiri kidogo, nilimpa muda wa kweli. Nilimwambia kwamba kwa jeraha la namna hii watu wengi huendelea kupata nafuu hadi mwaka mzima na kuzidi, kwamba huenda mguu usirudi ulivyokuwa, na kwamba sijui wa kwake utaishia wapi. Nilitegemea alie. Alivuta pumzi ndefu na kusema, "Kumbe sijachelewa." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Habari niliyodhani ni nzito ilimwondolea mzigo, kwa sababu tarehe ya uongo ilikuwa nzito zaidi.

Nne, tulizungumza na familia, kwa ruhusa yake. Nikawaomba waache kuuliza "umepona?" na wamwachie kazi moja ya nyumbani iwe yake kabisa, hata akiifanya kwa kukaa. Mume wake alidhani namzuia kumsaidia mkewe. Ilichukua vikao viwili.

Skrubu

Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mwezi wa nne alioga amesimama. Wiki mbili baadaye kikombe kilifika sebuleni, kimemwagika kidogo. Kisha katika mwezi wa tano nikaona anachechemea kwa namna nyingine, anakwepa kukunja vidole anapomaliza hatua. Nikagusa juu ya wayo, karibu na kovu, na akaruka.

Maumivu hayo mapya alikuwa nayo wiki tatu. Hakuyasema. Alikuwa amejifunza kwangu kwamba maumivu si kipimo, na kutoka nyumbani kwamba anatakiwa kuvumilia, akaunganisha mafunzo yote mawili na kunyamaza. Eksirei ilionyesha skrubu moja imelegea na kichwa chake kimechomoza, kinachoma tishu kila anapovaa kiatu. Katika upasuaji wa aina hii jambo hilo linajulikana, na mara nyingi vyuma huondolewa baada ya miezi kadhaa hata bila tatizo. Hakikuwa kitu cha kuogopesha. Ila kama ingekuwa maambukizi, wiki tatu ni nyingi sana.

Mwezi wa sita vyuma vikaondolewa kwa upasuaji mdogo. Nilihofu ungemrudisha kwenye shimo la wiki ya kumi na moja. Akasikitika siku mbili tatu, akakasirika siku moja (na mimi), kisha akauliza yale mambo matatu aliyoyataja yanaathirika vipi. Kikombe angekipoteza kwa wiki mbili. Ngazi zingesogea mbele. Akasema sawa.

Matokeo

Mwezi wa tisa alishuka ngazi kwa kubadilishana miguu. Alirudi kazini kwanza kwa nusu siku, akiwa na kiti karibu. Mwezi wa 12 tulimpima kwa kuinuka juu ya vidole kwa mguu mmoja: mguu mzima mara 25, mguu uliopasuliwa mara 14. Mwezi wa 14, nilipomwona kwa mara ya mwisho, ilikuwa 19. Jioni bado mguu huvimba akisimama siku nzima. Hakimbii. Kile kiatu hakimwingii hadi leo, upana wa mguu umebadilika, na alimpa mtu mwingine jozi nzima bila kunishirikisha uamuzi huo, nami nikafurahi kutoshirikishwa.

Uchambuzi

Ukitazama vipimo vyenyewe, daftari halikuwa na kosa hata moja. Kila namba ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye wakati wa kupima na kwenye kitu kilichopimwa. Wenzangu wengi hutoa madaftari ya namna hiyo, na kuna wagonjwa yanayowafaa: aliye na maumivu yasiyoeleweka, au anayebadilishiwa dawa. Kwa mguu uliopasuliwa, wenye jeraha la kupona kwa mwaka, sitoi tena.

Kuhusu tarehe, daktari hakusema uongo. Wiki sita zilikuwa za kutokanyaga, na zilikuwa sahihi. Sisi tuliomfuata ndio tuliokuwa na nafasi ya kugundua alichosikia, na hakuna aliyemuuliza kwa wiki kumi na tatu, mimi nikiwa wa kwanza kulaumiwa kwa kuwa kiatu nilikiona kwa macho. Swali la "ulisikia nini?" sasa naliuliza siku ya kwanza, na mara nyingi jibu hunishtua.

Jambo lililonipa shida zaidi kulichambua ni zile wiki tatu za ukimya. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri ya kumwondoa kwenye kuyahesabu maumivu, kisha nikaacha mlango wa nyuma wazi. Kumwambia mgonjwa asiogope maumivu ya jioni bila kumwambia maumivu yapi aje nayo mbio ni nusu ya kazi. Siku hizi ninayatenganisha kwa maneno haya: uvimbe na uzito unaopungua ukilala ni wa safari ya kupona; lakini maumivu mapya, yaliyo mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, au mguu unaobadilika rangi, unaochomwa hata na shuka, au unaotoa jasho kuliko mwenzake, nipigie simu leo. Na kwa familia, neno "vumilia" ninawaomba walitumie kwa uangalifu. Mgonjwa akilisikia mara nyingi hudhani anaambiwa anyamaze.

Sina hakika ni lipi kati ya yale manne tuliyobadilisha lililofanya kazi. Yalifanywa kwa pamoja, na wakati nao ulikuwa unafanya kazi yake. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua kikombe.

Katika kikao cha mwisho nilimweleza kwamba viungo vya katikati ya wayo vilivyoumia hivi huweza kusagika miaka inayofuata, na kwamba huenda siku moja akahitaji matibabu mengine. Akaniuliza lini. Nikamwambia sijui.

"Safari hii umejibu vizuri," akasema, akachukua mkoba wake.